Anayesaini Ndiye Anayebeba

Katika mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, ni nadra kuona arusi au matanga yaliyopikwa bila sufuria za Kavira Solange. Zimepangwa kwenye ukuta wa lupango lake, yaani ua wa nyumba yake, kuanzia ile ndogo ya chai hadi ile ya trente, namba thelathini, ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kujificha ndani yake na mama yake akazunguka mtaa mzima akimtafuta. Chini ya kila moja pameandikwa herufi za jina lake kwa rangi nyekundu, na juu ya mlango wa bati pameandikwa, kwa rangi ileile, sheria aliyoitunga miaka kumi na mmoja iliyopita: ANAYESAINI NDIYE ANAYEBEBA.

Sheria hiyo haikuzaliwa na kiburi. Ilizaliwa na matanga ambayo wakubwa wa familia walikuja kuyaombea sufuria wakiwa wameshika miavuli, wakawatuma mashemeji zao wa kike kuzibeba, na ilipofika siku ya kurudisha kila mmoja akamnyoshea mwenzake kidole. Tangu hapo, anayetaka sufuria ya Solange huandika jina lake katika daftari, huiinua kwa mikono yake mwenyewe, na huirudisha kwa mikono hiyohiyo, ikiwa imesuguliwa. Wachungaji wamebeba. Mkuu mmoja wa shule alibeba, suti na tai juu, wanafunzi wake wakiwa wamejipanga barabarani kumtazama. Alinuna, lakini alibeba.

Mwezi wa sita, kikundi cha matembezi cha mtaa, kinachojiita Miguu ya Amani, kilitoa kwa mara ya pili programu ya kupanda mlima Zabudi. Huo ni mlima wa msitu, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini, na njia yake hupandwa na kushukwa kwa siku moja na mtu aliyejipanga vizuri. Kwa miaka mingi hapakuwa na aliyethubutu kukanyaga huko kwa sababu ya watu wenye bunduki. Njia ilipofunguka, Miguu ya Amani walikuwa wa kwanza kuomba karatasi ya ruhusa, na kwa hilo walistahili sifa. Sifa zao ziliishia hapo.

Sekretere wa kikundi, kijana mpole aitwaye Gaël, alimletea Solange nakala ya programu, naye akaisoma amesimama. Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri. Viti sita vya plastiki kwa ajili ya wageni wa heshima. Spika moja na betri yake. Sufuria tatu: wali, maharagi, na nyama yenye mchuzi. Chini yake palikuwa na kichwa cha habari, «Wabebaji», na chini ya kichwa hicho majina kumi na moja, yote ya wanawake. Jina la nne lilikuwa la mdogo wake: Patience, sufuria ya trente.

Solange alilisoma jina hilo mara mbili, kisha akaikunja karatasi.

«Mwambie Prezida nitakuja kwenye mkutano,» alisema.

«Mama Solange, mkutano ni ya kusema ndiyo tu,» Gaël alinong'ona. «Kila kitu imeisha kupangwa.»

«Basi nitakuja kusema hapana.»

Inafaa msomaji ajue yaliyotokea mwaka uliotangulia. Patience, mwanamke wa miaka thelathini na nane, shingo imara na mwendo wa kujivunia, alipanda Zabudi na sufuria ya trente kichwani, imejaa nyama na mchuzi. Alivuka vijito vitatu. Juu ya kijito cha tatu njia inageuka kuwa ngazi ya mizizi ya miti, na mtu hupanda kwa mikono kuliko kwa miguu. Mikono ya Patience ilikuwa imeshika sufuria. Mguu uliteleza, nyonga ikagonga jiwe, na sufuria ikabiringika hadi majini. Kelele ya kwanza iliyopigwa ilikuwa hii: «Nyama!» Walioinama kwanza waliinamia nyama, wakaiokota kwenye majani na kuipuliza mchanga. Aliyeanguka aliinamiwa baadaye. Walimteremsha juu ya kiti cha plastiki, kimojawapo cha viti vya wageni wa heshima, ambacho mwanamke mwingine alikuwa amekipandisha. Hadi leo Patience anaburuta mguu wa kushoto, na tangu siku hiyo Solange hakuwa na nia nyingine isipokuwa moja: mdogo wake asipande tena mlima ule akiwa na sufuria kichwani.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana katika ghala la Mathieu, prezida wa kikundi, mfanyabiashara wa mabati anayeyapitisha mpakani Aru. Aliketi kwenye kiti cha mto, wengine kwenye mafurushi ya mabati. Karibu na mlango, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliwekwa Ushindi, mwelekezaji wa njia, mzaliwa wa kijiji kilicho chini ya Zabudi. Alikuwa amesafiri kwa moto, pikipiki ya kukodi, tangu asubuhi, na hakuna aliyemletea maji. Solange alimletea.

«Muongozaji aseme kwa kifupi,» Mathieu alitangaza.

Ushindi alisimama. «Njia iko na vijito tatu. Mpaka ya kwanza, mutu anaongea. Mpaka ya pili, anapumua. Ya tatu, anaomba Mungu. Kisha iko mizizi, na pale mikono njo inafanya kazi ya miguu. Mvua inanyeshaka saa nane. Saa sita tukuwe tunageuka kurudi. Na mwenye mguu mubaya, ao mwenye pumzi kidogo, anatanguliaka mbele, wote wanafuata mwendo yake. Kama mwenye nguvu anatangulia, wazaifu wanapotea nyuma.»

«Mbele anakuaka Prezida,» alisema mmoja, na watu wakacheka.

«Na muzigo?» Solange aliuliza kutoka nyuma. «Uwaambie juu ya muzigo.»

Ushindi aliitazama programu aliyokuwa ameshikishwa. «Hii si mulima, Mama. Hii ni arusi munapandisha kwa mulima. Mwenye kushika sufuria kwa kichwa hana mikono.»

Solange alisimama. Alisema maneno yake kwa mpangilio, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, na kweli alikuwa ameyafanyia. Kila mtu abebe maji yake na chakula chake: lituma mbili, ndizi iliyopondwa ikafumbatwa ngumi, imefungwa katika jani pamoja na karanga. Viti vibaki chini. Anayeona hawezi kula bila kukalia kiti, na akibebe yeye.

Ghala lilivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. «Anatuletea sheria ya lupango yake.» «Mwanamuke huyu anataka kutuvalisha kanga.» «Wageni watasema nini, Lumumba ni watu ya njaa?» Mathieu aliacha kelele zifike mahali alipozitaka, kisha akainua mkono.

«Mama Solange, siye tunakuheshimu. Lakini weye unachukua ajali moja, unafanya nayo dini.»

Hayo Solange aliyatarajia. Hakutarajia kwamba atakayempiga zaidi angekuwa Régine, muuza vitenge, mwanamke aliyetembea naye kwa miguu kutoka upande wa Beni, miaka ile walipokimbia, kila mmoja na mtoto mgongoni.

«Lituma ya baridi kwa jani, njiani,» Régine alisema polepole. «Weye unajua tulikula ile wakati gani, Solange. Tulikula tukikimbia. Mimi niliapa: sitakula tena nikiwa nimechutama kwa njia kama munyama. Nikifika yulu ya mulima, nataka sahani, nataka mvuke inipige kwa uso. Njo nijue sikimbii mutu.»

Maneno hayo yalimchoma Solange kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alijibu kwa sauti iliyokuwa imepungua.

«Na wakati tulikuwa tunakimbia, Régine, sufuria alibeba nani?»

Régine aliangalia sakafu. Lakini hakubadilisha upande. Mikono ilipoinuliwa, kumi na tisa walitaka programu ibaki kama ilivyo, wanne waliikataa. Miongoni mwa wale kumi na tisa, wanane walikuwa wanawake waliokuwa kwenye orodha ya wabebaji. Hivyo ndivyo dhuluma inavyozeeka na kupata mvi za heshima: hailindwi na wanaofaidika peke yao, inalindwa pia na shingo zinazoumia.

Jioni ile Patience alimkuta dada yake anasugua sufuria kwa mchanga na majivu, ingawa zilikuwa safi.

«Yaya, umenitia haya,» alisema kabla ya kuketi. «Ulisimama mbele ya watu yote kusema mimi siwezi.»

«Sikusema huwezi. Nilisema usibebe.»

«Ni neno moja.» Alikalia kigoda, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake. «Mwaka muzima watoto wananiita Mama Kuruta-kuruta. Bwana yangu ananiambia nikae, nipumuzike, kama vile mimi ni bibi kizee. Nikipandisha ile ya trente mpaka yulu, wataacha. Hakuna mutu ataita tena.»

«Na ukianguka?»

«Mwaka jana Prezida mwenyewe aliandika jina yangu. Kati ya wanamuke wote ya kikundi, aliniona mimi njo niko na shingo. Na mwaka huu, na mguu hii, ameniandika tena. Ile ni heshima, yaya. Weye hauwezi kunikatalia ile.»

Mkono wa Solange uliokuwa na mchanga ulisimama ndani ya sufuria. Kulikuwa na neno la kusemwa pale, naye alilijua. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo tangu siku ya ajali. Alilimeza tena, akaendelea kusugua.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari, walikuja kuchukua sufuria: Mathieu mbele, Gaël nyuma na faili chini ya kwapa, na wanawake watatu na kata zao za nguo tayari kichwani. Patience alikuwa miongoni mwao. Solange alikuwa ametoa sufuria tatu katikati ya lupango, na juu ya ile ya trente ameweka daftari na kalamu.

«Karibuni. Nani anasaini?»

«Andika komite,» alisema Mathieu.

«Komite haina shingo. Jina ya mutu.»

«Basi andika wale wako kwa listi.»

«Wale hawakuomba sufuria. Ni weye uliomba.» Alionyesha maandishi juu ya mlango, bila kuyatazama. «Anayesaini anabeba. Na kwa mulima, haishii kwa mulango yangu. Anabeba mpaka pale sufuria itaketi kwa moto, na anairudisha hapa. Prezida, kalamu njo hii.»

Mathieu alicheka, akawageukia wengine ili wacheke naye. Gaël hakucheka, yeye alikuwa miongoni mwa wale walioshika kile kiti cha plastiki mwaka uliopita, naye aliikumbuka ngazi ya mizizi.

«Gaël, saini tumalize.»

«Prezida, mimi niko na faili,» Gaël alisema, akiikumbatia faili kama mtoto mgonjwa.

«Mama Solange, unachezea watu mia mbele ya wageni. Unajua mimi ninaweza kusema neno moja, na hakuna matanga hata moja ya Lumumba itakanyaga tena hapa.»

«Sema. Watapikia kwa kofia.»

Hapo ndipo Patience alipotoka mbele. Aliburuta mguu hadi kwenye sufuria, akachukua kalamu. «Mimi ninasaini. Sheria yako inasema anayesaini anabeba. Mimi ninasaini, mimi ninabeba. Kuna neno ingine?»

Solange aliiona sheria yake, aliyoitunga ili wakubwa wabebe, ikigeuka kama kisu kinachoteleza na kumkata mshikaji. Mkono wake ulilifunika daftari.

«Hapana. Weye hapana.»

«Kwa nini mimi hapana? Sheria iko na majina?»

Mathieu aliona mlango umefunguka, akaingia na viatu vyake vyote. «Mutu ametaka, yeye anakataza. Na munajua sababu? Anatuhukumu siye juu ya mwaka jana.» Alinyosha mkono. «Gaël, ile listi ya mwaka jana. Nipe.» Gaël alisita. «Nipe, ninasema.»

Karatasi ilitolewa, imepigwa muhuri, imekunjamana kwa unyevu. Mathieu aliinyanyua juu ili wote waione, kisha akaishusha mbele ya macho ya Patience.

«Mwaka jana mwenye kupanga mizigo alikuwa Mama Solange. Mimi nilitia saini tu chini. Soma, Mama Patience. Nani alikuandika kwa ile ya trente? Hii ni mwandiko ya nani?»

Patience aliutazama mwandiko. Ulikuwa uleule uliokuwa juu ya mlango.

«Yaya?»

Solange angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba karatasi haikuonyesha yote, au kwamba Prezida ndiye aliyetaka nyama ipande. Alikuwa amewadai wengine ukweli kwa sauti kubwa wiki nzima. Sasa ulikuwa umekuja kumdai yeye.

«Ni mwandiko yangu,» alisema. «Wanamuke walikuwa wananiangalia waone kama nitapendelea mudogo yangu. Njo nikakupa ile nzito kupita zote, ili wanyamaze. Haikuwa juu ya shingo yako. Nilinunua jina nzuri, na bei ikawa nyonga yako. Na mwaka muzima nimekuacha uamini ni heshima.»

Mathieu, aliyekuwa amekuja na jiwe la kumpiga Solange, alibaki amenyosha mkono, hajui kwamba jiwe lilikuwa limeshapita na kumpata mwingine.

Patience aliiweka kalamu juu ya daftari, polepole. Alivua kata kichwani, akaikunjua ikawa tena kitambaa cha kawaida, akakikung'uta.

«Kumbe mimi nilikuwa kizibo ya midomo ya watu,» alisema. Kisha akamgeukia Mathieu. «Na weye ulijua. Mwaka muzima unaniita shingo ya chuma, unajua.» Akamtazama dada yake, na Solange akaona afadhali angepigwa. «Sibebi. Na si juu ya maneno yako ya mukutano, yaya. Usijisifu nayo.»

Alitoka. Wale wanawake wawili waliobaki walitazamana, wakavua kata zao nao, mmoja baada ya mwingine, wakatoka bila kuaga. Mathieu alisimama mbele ya sufuria tatu, daftari lililofunguliwa na kalamu. Aliisukuma ile ya trente kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo ambao hakuwahi kuuliza una uzito gani. Haikusogea. Alimwita Gaël, wakaondoka, na jioni programu mpya ikapita mtaani kwa simu, mstari mmoja tu: kila mtu ajitegemee.

Jumamosi, saa moja asubuhi, watu thelathini na wanne walishuka garini chini ya Zabudi, wamenuniana. Hakuna aliyemsalimia Solange, isipokuwa Régine, aliyepita karibu naye na termosi ya chai ya moto imefungwa kwa kitenge kiunoni. «Sahani umeninyang'anya,» alisema bila kusimama. «Mvuke hapana.»

Ushindi aliwapanga. Mathieu alikuwa ameshasimama mbele, viatu vyake vyeupe, mkononi sashe nyeusi ya plastiki yenye lituma ambazo mke wake alizipika kwa hasira zisizofichika, maana zilikuwa ngumu kama mawe. Ushindi alimpita, akaenda hadi mwisho wa mstari, akamshika Patience mkono na kumleta mbele ya wote.

«Mguu hii njo saa yetu leo,» alisema. «Hakuna mutu anaipita.»

Walivuka kijito cha kwanza, na hakuna aliyeongea. Walivuka cha pili. Mara kwa mara mkono wa kulia wa Patience uliinuka wenyewe hadi kichwani kushika kitu kisichokuwapo, ukashuka. Solange, aliyekuwa wa mwisho kabisa, aliuona kila mara ulipoinuka. Tangu jana hawakuwa wamesemezana, na mgongo wa mdogo wake ulimwambia kwamba hawangesemezana kesho pia.

«Mama, sogea kidogo tupite,» Mathieu alisema baada ya kijito cha tatu, pumzi zikimkatika.

Patience hakugeuka, hakuharakisha. Alifika kwenye ngazi ya mizizi, akasimama mahali pale pale. Mstari mzima ulisimama nyuma yake. Kisha akashika mzizi wa kwanza kwa mkono mmoja, na wa pili kwa mkono wa pili, akauburuta mguu wake hadi ukapata pa kukanyaga, akapanda. Nyuma yake Mathieu alitafuta pa kuiweka sashe yake, asipaone, akaiuma kwa meno, akamfuata.